Makochi ya Damu ya Mzee

Kuna manukato fulani ya kiume ambayo nikiyanusa popote, kanisani, benki au kwenye foleni ya forodha, naondoka hata kama zamu yangu imefika. Jina lake silijui. Aliyekuwa akijipaka ni bwana mikopo wetu, na alijipaka kama anayemwagilia bustani. Akitoka nyumbani kwako saa nne asubuhi, ugali wa saa nane bado unamnukia yeye. Watu wanadhani ninamchukia kwa sababu alikuwa mla rushwa. Wala. Wala rushwa nimewajua wengi, na wengine tumezikiana ndugu. Huyu ninamchukia kwa sababu alijua mimi ni mtu wa namna gani kabla mimi mwenyewe sijajijua.

Wakati huo Tunduma ilikuwa bado Mbozi, na Mbozi ilikuwa bado mkoa wa Mbeya. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia, na mtu akinunua vocha anaisugua hadharani ili aonekane. Mimi nilikuwa nauza unga. Mahindi nilichukua Iyula kwa wajomba zangu, nikakoboa na kusaga kwenye mashine ya mtu, nikafungasha, nikawauzia madereva wa malori na Wazambia waliovuka kutoka Nakonde. Nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili, nimepanga vyumba viwili karibu na reli. Kila siku nilikaa kwenye foleni ya mashine ile, vumbi jeupe limenijaa mpaka kwenye kope, na mwenye mashine amekaa kwenye kiti anasinzia. Alikuwa anasinzia, na sisi tunamlipa. Hapo ndipo nilipoanza kuota mashine yangu mwenyewe, na sikuota kingine kwa miaka.

Nilianzia benki, Mbeya mjini. Walisema wanataka dhamana, hati ya nyumba au ya shamba. Nyumba sikuwa nayo, lakini baba yangu alikuwa na shamba la kahawa Ihanda, alilolima tangu ujana wake, na hakuna mtu kijijini asiyejua mpaka wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Nikamweleza. Mzee akakubali, akavaa koti lake la kanisani, tukapanda basi. Kwenye mfuko alibeba kahawa kavu kama kilo mbili, iliyochambuliwa punje kwa punje. Kwa akili yake, mtu akitaka kujua shamba lako likoje unamwonesha kilichotoka humo.

Yule bwana wa benki aliuliza hati. Baba akafungua mfuko, akaumimina kidogo mezani, akasema, "Shamba lenyewe ndilo hili, mwanangu. Shika uone."

Bwana wa benki hakushika. Alichukua kalamu yake, akazisukuma punje zile pembeni kwa ncha, kama mtu anayeondoa mende aliyekufa, akafuta meza kwa kitambaa. Kisha akatuambia turudi tukiwa na karatasi. Baba aliokota punje moja moja mpaka zikaisha, akafunga mfuko. Basi lilipofika Vwawa alisema tu kwamba amesikia njaa. Nilichefukwa na ile kalamu kuliko ninavyoweza kueleza, na nikaapa benki sirudi.

Kwa hiyo lilipokuja shirika la mikopo midogo midogo, wanawake tulilikimbilia. Hawa hawakutaka hati. Walitaka mjiunge watano, mdhaminiane. Mmoja akishindwa marejesho ya wiki, wenzake wanamlipia. Wasipoweza, wanakwenda nyumbani kwake kubeba vyombo vyake vya ndani, vile vilivyoandikwa kwenye fomu siku ya kukaguliwa. Mzunguko wa kwanza ulikuwa pesa ndogo. Mkiumaliza salama wote watano, mzunguko wa pili unaweza kununua mashine. Kanuni ilikuwa hiyo, na bwana mikopo aliirudia kila Jumanne kwenye kibaraza tulichokutania: wote watano. Mmoja akiharibu, hakuna mzunguko wa pili kwa yeyote.

Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwenzangu mmoja alikuwa muuza vitenge, aliyevusha mzigo Nakonde kwa baiskeli za watu, mwembamba, mcheshi, anayecheka mpaka anajishika mbavu. Wengine watatu walikuwa na vibanda vya kawaida vya sokoni. Wote tulikuwa na shida moja. Tulitakiwa kukaguliwa, na ndani hatukuwa na kitu. Mimi nilikuwa na kitanda, godoro, meza moja na masufuria. Ukiandika masufuria nani atakupa pesa?

Ng'ambo ya uchochoro wetu aliishi mjane mmoja, mwenyeji wa Ujiji, Mwislamu safi, tuliyemwita mama wa Ujiji. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Ndola na Lubumbashi, na safari moja alirudi na seti ya makochi aliyoinunua Ndola, mahameli rangi ya damu ya mzee, kochi kubwa moja na madogo manne. Miaka miwili baadaye alikufa kwa ajali huko huko Zambia. Yale makochi ndiyo aliyomwachia. Mama yule aliyafunika kwa vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, na mkono wa kochi kubwa ulikuwa na alama ya pasi ya mkaa, siku mumewe alipojaribu kujipigia pasi shati. Alama hiyo alikuwa anaipangusa kila asubuhi kama wengine wanavyopangusa picha ya marehemu.

Sisi watu wa huku kuazima hatuoni aibu. Mgeni akija unaazima chupa ya chai, unaazima kiti, unaazima hata sukari ya kumwekea, na mgeni mwenyewe anajua, maana na yeye kwake anaazima. Kwa hiyo nilipokwenda kumwomba makochi ya siku ya kukaguliwa sikuona kama ninafanya kitu kibaya. Nilimwambia wazi kuwa ni ya mkopo.

"Mimi mwanangu riba hata kivuli chake sikalii," alisema. "Lakini makochi si riba. Chukueni." Kisha akatoa vitambaa vyake kimoja kimoja, akavikunja. "Hivi vinabaki. Kitambaa cha mtu hakiazimwi."

Nilichofikiria mimi, ndicho walichokuwa wamefikiria wenzangu wote wanne. Bwana mikopo alikuja kutukagua wote siku moja. Alianza kwangu. Alipokuwa ananywa soda uani kwenye nyumba ya pili, ameshamaliza kuandika, makochi yalikuwa yanapitishwa kwa mkokoteni uchochoroni kwenda ya tatu. Tulikuwa tunatweta kwa kubeba na tunacheka, muuza vitenge amejishika mbavu. Nyumba tano, na katika kila nyumba bwana mikopo alikaa kwenye kochi lile lile kubwa, akaweka mkono wake pale pale penye alama ya pasi, akaandika: makochi seti moja, mahameli, damu ya mzee. Kwenye nyumba ya tano alitazama pande zote, akasema, "Makochi ya aina hii yameingia sana Tunduma." Akacheka. Na sisi tukacheka, tukidhani tumemchezea.

Lakini kwangu, kabla hajaondoka, aliomba kuona chumbani. Aliingia na viatu. Akafunua shuka, akaliminya godoro langu kwa mikono miwili, akaliminya tena, taratibu, akiniangalia mimi na si godoro. Kidole chake cha mwisho kilikuwa na ukucha mrefu alioufuga. "Godoro zuri," alisema. "Tuliandike?" Nikasema andika. Alilamba kidole, akafungua ukurasa, akaandika. Usiku ule nililaza watoto kwenye godoro lile, mimi nikalala kwenye mkeka. Manukato yalikuwa yameingia ndani ya pamba.

Na bado nilimpa bahasha ya chai. Sote tulimpa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ndivyo tulivyoambiana.

Tulirejesha. Kila Jumanne tulikaa kwenye kibaraza, yeye akiita majina, sisi tukileta. Unga wangu uliuzika. Nilianza kwenda kwa fundi mmoja wa Vwawa aliyekuwa na mashine ya kukoboa na kusaga iliyotumika kidogo. Nilikuwa naishika mkanda, nauliza bei ile ile niliyokwisha kuambiwa. Fundi alikuwa anacheka. Alisema mashine hiyo sasa inanijua.

Zilipobaki wiki tatu tu mzunguko uishe, muuza vitenge hakutokea. Mzigo wake wote ulikuwa umekamatwa upande wa Zambia, pamoja na baiskeli ya watu. Jumanne iliyofuata hakutokea tena. Tukaenda kwake, chumba kiko wazi, ndani kuna beseni na kanga iliyochanika. Wengine walisema yuko Nakonde, wengine Kasama. Sikumlaani. Nilichofikiria ni mashine, nikajichukia, nikaendelea kufikiria mashine.

Marejesho yake tulishindwa kuyalipa, na bwana mikopo alikuja na mjumbe wa mtaa kuwa shahidi. Alisimama katikati ya chumba kile kitupu, akafungua fomu, akasoma kwa sauti: "Makochi seti moja, mahameli, damu ya mzee. Yako wapi?"

Tulitazamana sote wanne. Mimi nilikuwa nimeshika daftari. Mmoja wetu, sitasema yupi, alinyanyua kidevu kidogo tu kuelekea ng'ambo ya uchochoro.

"Ameyaficha kwa jirani," alisema bwana mikopo. Hakuuliza. Alisema.

Mama wa Ujiji alitoka mlangoni maji yanamtiririka viwikoni, alikuwa anatawadha. Alipoambiwa makochi yanachukuliwa alitutazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. "Haya ni ya marehemu mume wangu," alisema. "Hawa niliwaazima. Si wao hawa hapa? Waulizeni."

Mjumbe, mzee wa watu, alionekana anaona haya. "Mama, lisiti unayo lakini?"

"Risiti ya Ndola baba? Aliyenunua yuko kaburini."

"Karatasi yoyote?"

Hakuwa na karatasi. Nilimkumbuka baba yangu anaokota kahawa kwenye meza ya benki. Nakwambia nilimkumbuka, palepale, waziwazi, na mikono yake.

Ndipo bwana mikopo akanigeukia mimi. Mimi alikuwa ameshanijua tangu siku ya godoro. "Katibu," alisema kwa upole, karibu kwa mapenzi. "Makochi haya yameandikwa kwenye fomu ya mwenzenu. Yameandikwa pia kwenye fomu nyingine, sijui kwa nini, labda ni makosa ya kalamu. Sasa tusaidie. Ni ya mwenzenu, au fomu zote tano zina uongo?"

Wenzangu watatu walitazama chini. Fomu zikiwa na uongo, hakuna mzunguko wa pili. Mashine iko Vwawa, mkanda wake naujua kwa kidole.

Nilisema, "Ni ya mwenzetu."

Ni maneno matatu. Hayakunichukua hata pumzi nzima. Mama wa Ujiji hakulia wala hakutukana, na laiti angetukana. Alinitazama mara moja, kisha akasema, "Basi ngojeni nitoe vitambaa vyangu." Akaingia. Tukamsubiri nje. Alivitoa kimoja kimoja, akavikunja kama alivyovikunja siku ile aliyotuazima, akavishika kifuani, akasogea pembeni ili wabebaji wapite. Kwenye sakafu pale yalipokuwa makochi pakabaki miraba mitano isiyo na vumbi. Kisha alirudi kutawadha upya.

Wiki ya pili mzunguko ulifungwa, makochi yakahesabiwa yamelipa deni la mwenzetu, tukaambiwa tumefaulu. Mtu mmoja anayeelewa mambo akaninong'oneza kwamba karatasi za mzunguko wa pili zinatembea haraka ukimpelekea bwana mikopo kuku nyumbani. Nilimpelekea jogoo mwekundu, mkubwa, niliyemnunua Ihanda. Mkewe alinikaribisha sebuleni, akaniambia, "Keti, anaoga."

Nikaketi, na mkono wangu ukaangukia juu ya alama ya pasi.

Sikusimama. Hilo ndilo ninalotaka lisomeke. Mwili ulitaka kusimama, na sikusimama. Waliweka vitambaa vya dukani, vya nailoni, vyenye maua. Bwana mikopo alitoka amevaa singlendi, manukato mbele yeye nyuma, akakaa kochi la pili, akapandisha miguu yake juu ya lile dogo, miguu mitupu yenye mba ya vidoleni. Alimsifu jogoo. Aliulizia watoto. Kisha akaligonga kochi kwa kiganja, akasema, "Unaona katibu, yameingia sana Tunduma." Tukacheka. Mimi pia nilicheka, huku nikijisikia ninavyocheka.

Mkopo ulitoka. Mashine ilikuja kwenye lori, tukaifunga, na siku ya kwanza ilipolia majirani walikuja kucheza. Unga wangu ulikuwa mweupe na laini, Wazambia wakauita unga wa ba mayo, yaani unga wa mama, na kuja kuuchukua kwa magunia. Kwa miaka minne nililipa, nikakopa, nikalipa. Nikajenga. Yule aliyekuwa akisinzia kwenye kiti sasa ni mimi. Bwana mikopo alihamishwa, nasikia kwa kupandishwa cheo.

Mama wa Ujiji hakuacha kunisalimu hata siku moja. Anapita mbele ya mashine yangu na ndoo yake ya mahindi kichwani, ananiambia, "Umeamkaje mwanangu," namjibu shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anaendelea mpaka kwenye mashine nyingine, mbali, karibu na kituo cha mabasi, kusaga huko. Jua au mvua. Siku za mwanzo nilimkimbilia nikamwambia atasagiwa bure, maisha yake yote. Alisema ahsante, akaenda. Watu wa foleni waliniuliza huyu mama kwa nini hasagi hapa. Nilisema sijui.

Nilipoona siwezi tena kuivumilia ndoo ile, nilikwenda kwa seremala wa Vwawa anayesifika, nikamwagiza seti ya mahameli, kubwa moja na madogo manne, damu ya mzee. Nilihangaika kuipata rangi yenyewe. Nikayapakia kwenye pikapu, nikayashusha mlangoni kwake mchana kweupe, mtaa mzima uone. Sijui nilitaka waone nini.

Alikuwa amezeeka. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anachambua mchele, na vile vitambaa vyeupe vya kufuma vilikuwa vimefunika ndoo za maji, kila ndoo na chake. Nilipiga magoti. Nilisema yote, la fomu, la mashine, la jogoo, hata la kukaa kwenye lile kochi sikulificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono inaendelea kuchambua. Alipomaliza sinia lake alinyanyuka kwa taabu, akaenda mlangoni, akayatazama makochi. Akalipapasa lile kubwa mkononi, pale ambapo ile alama ya pasi ingekuwa.

"Mazuri," alisema. "Yarudishe kwako mwanangu. Wakija tena kukukagua, utakuwa na yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemkumbusha mtu asisahau mwavuli. Kisha akaniuliza kama nitakula wali, na nikamwambia nina haraka.

Makochi yako sebuleni kwangu mpaka leo. Wageni wanayasifu, wengine wanauliza fundi ni nani. Mimi nikirudi mashineni ninapita moja kwa moja mpaka jikoni, nakaa kwenye kigoda.